Kagua Taka Zako Kabla Hujakaguliwa

Mwongozo kwa wenye biashara na mameneja nchini Kenya

Leseni iliyotundikwa ukutani haielezi lolote kuhusu pipa lililo nyuma ya jengo. Unaweza kuwa na kila cheti kinachotakiwa, kodi umelipa, kibali cha kaunti kimo kwenye fremu, na bado oili chafu ikawa inatiririka kwenye mtaro kila mvua inaponyesha. Afisa wa mazingira akiingia kwako, vyeti atavitazama kwa dakika chache, kisha ataomba apelekwe huko nyuma. Mwongozo huu unataka ufike huko nyuma kabla yake, ufike mara kwa mara, na ujue unachokitafuta.

Nimechagua gereji ya magari kuwa mfano mkuu. Hutoa taka za kila aina, nyingi zikiwa hatari, na karibu kila mji una gereji. Lakini njia ni ileile kwa hoteli, kiwanda cha mikate, zahanati, kampuni ya uchapishaji au ghala. Badilisha majina ya taka tu, hatua zibaki zilivyo.

Sheria inakudai nini

Msingi wa yote ni Katiba ya 2010. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi na yenye afya. Kisha kuna Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999, maarufu kwa kifupi EMCA, ndiyo iliyounda NEMA, mamlaka ya kitaifa ya kusimamia mazingira. Kifungu cha 87 cha sheria hiyo kinakataza kutupa taka kwa namna inayochafua mazingira au kudhuru afya ya mtu, kinakataza kusafirisha taka bila leseni, na kinamtaka kila anayezalisha taka achukue hatua za kuzipunguza. Kanuni za taka zilizotungwa chini ya sheria hiyo, tangu zile za 2006, zimeingia ndani zaidi: kutenganisha taka, kubandika lebo, leseni za magari ya kubebea na hati za kufuatilia mzigo.

Mwaka 2022 ikaja Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka. Hiyo inazitaka taasisi za umma na za binafsi zitenganishe taka zinazooza na zisizooza, ziweke vyombo vyenye rangi na lebo, na wabebaji wachukue taka zilizokwisha kutenganishwa. Inazitaka pia biashara ziandae mpango wa miaka 3 wa kusimamia taka na kupeleka NEMA ripoti ya kila mwaka ya utekelezaji. Ikiwa unatengeneza bidhaa au unaziagiza kutoka nje, kwa mfano betri, matairi au vifungashio, kuna kanuni za mwaka 2024 zinazokuwajibisha kwa bidhaa hiyo hata baada ya mteja kumaliza kuitumia. Zaidi ya hayo, Katiba imezipa kaunti kazi ya kuzoa na kutupa taka ngumu, kwa hiyo sheria ndogo za kaunti yako nazo zinakuhusu.

Soma kwa makini kifungu cha 145 cha EMCA. Kampuni ikitenda kosa, kila mkurugenzi au afisa aliyejua, au aliyepaswa kujua, na hakufanya bidii ya kuzuia, ana hatia pamoja na kampuni. Maneno "aliyepaswa kujua" ndiyo yanayoupa ukaguzi uzito wake. Huwezi kujitetea kwamba hukuwahi kufika nyuma ya jengo lako mwenyewe. Rekodi za ukaguzi uliofanywa kwa dhati, zikiambatana na marekebisho yaliyofanyika, ni ushahidi kwamba bidii ilikuwapo.

Ukaguzi wa aina mbili, usizichanganye

Wa kwanza ni ule unaodaiwa na sheria. Kifungu cha 68 cha EMCA kinamtaka mwenye mradi atunze kumbukumbu sahihi na kutoa ripoti ya kila mwaka inayoonyesha kama shughuli zake zinafuata yale aliyoahidi kwenye tathmini ya athari za mazingira. Ripoti hiyo huandaliwa na wataalamu waliosajiliwa na NEMA. Ukitaka kujua msimamo wako, toa ile ripoti ya tathmini uliyoipeleka wakati wa kuomba leseni na usome ulichoahidi. Wengi waliiweka kabatini siku leseni ilipotoka. Ahadi zilizomo humo, pamoja na masharti ya leseni yenyewe, ndizo utakazopimwa nazo.

Wa pili ni ukaguzi wako wa ndani, na ndio ninaokuelekeza hapa. Huu haupelekwi kwa mtu. Unaufanya ili uone ukweli mapema, urekebishe kwa gharama ndogo, na ripoti ya mwaka iwe muhtasari wa mambo unayoyajua tayari. Anayetegemea ukaguzi wa mara moja kwa mwaka hukaa miezi 11 bila kujua kinachoendelea.

Maandalizi: watu, mchoro na karatasi

Chagua watu 2 au 3. Mmoja awe anayesimamia shughuli za kila siku, mwingine atoke idara isiyohusika na taka, kama uhasibu. Mhasibu ana faida kubwa: anajua ni oili kiasi gani ilinunuliwa na nani alilipwa kwa kubeba taka. Msimamizi wa taka asiachiwe kujikagua peke yake. Mtu haoni kasoro za kazi aliyoizoea.

Chora mchoro wa eneo lako kwenye karatasi moja. Onyesha milango, mashimo ya kufanyia kazi, stoo, mapipa, bomba za maji, na hasa mitaro: ya ndani, ya mvua, na mahali maji yanapotokea nje ya ukuta. Fuata kila mtaro kwa miguu. Ukifika mahali usipojua maji yanakwenda wapi, weka alama. Hapo una swali la kwanza la ukaguzi wako.

Kisha kusanya karatasi hizi kwenye faili moja:

- leseni ya mazingira na masharti yake, pamoja na ripoti ya mwaka uliopita;
- kibali cha biashara cha kaunti na risiti za huduma ya kuzoa taka;
- leseni ya kumwaga majitaka, ikiwa shughuli yako inaihitaji;
- nakala ya leseni ya kila msafirishaji wa taka zako, na ya mahali anapozipeleka;
- hati za ufuatiliaji wa taka hatari, zikiwa na sahihi zote;
- daftari la taka: tarehe, aina, kiasi, aliyechukua;
- kumbukumbu za mafunzo ya wafanyakazi na za ajali au mwagiko wowote;
- ripoti ya ukaguzi wa usalama kazini, ambao sheria ya 2007 inataka ufanywe walau mara moja kila miezi 12.

Angalia tarehe za mwisho za leseni moja baada ya nyingine. Leseni iliyokwisha muda ni kosa hata kama kazi inafanyika vizuri.

Anza pale taka inapozaliwa

Makosa mengi ya ukaguzi hutokana na kuanzia kwenye mapipa. Ukianzia hapo utaona taka zilizofika tu. Anzia mahali taka inapozaliwa, uifuate mkono kwa mkono.

Simama kando ya fundi anapobadilisha oili ya gari. Anafungua parafujo chini ya injini, oili nyeusi inashuka kwenye beseni. Tazama beseni lenyewe: lina upana wa kutosha, au oili inaruka ukingoni? Kisha tazama filta. Fundi akiitoa na kuitupa moja kwa moja kwenye pipa la takataka za kawaida, ameitupa ikiwa na oili ndani, na lori la kaunti litaipeleka jaani pamoja na maganda ya ndizi. Filta hutobolewa na kuachwa ichuruzike kwanza, kisha huwekwa kwenye chombo chake chenye kifuniko. Tazama matambara anayofutia mikono. Yakisharowa oili au petroli nayo ni taka hatari, na yakirundikwa kwenye kona yenye joto yanaweza kushika moto.

Sasa fuata beseni. Kutoka shimo hadi stoo ni hatua ngapi? Njia hiyo ina madoa? Kama sakafu ina mstari mweusi kutoka shimoni hadi stoo, oili inamwagika kila siku, na kila sakafu inapooshwa maji hayo yanaelekea mahali fulani. Nenda nayo. Yakiingia kwenye shimo la kutenganisha oili na maji, funua kifuniko uone lilisafishwa lini. Likijaa tope halitenganishi kitu. Yakiingia moja kwa moja kwenye mtaro wa mvua, umekwisha pata kasoro kubwa, na huna haja ya mtaalamu kukuambia.

Fanya hivyo kwa kila taka: betri, matairi, maji ya kupozea injini, kemikali za kusafishia, makopo ya rangi, vioo, vyuma, plastiki, mabaki ya chakula cha wafanyakazi. Kwa kila moja uliza maswali 4: inazaliwa wapi, inawekwa kwenye chombo gani, nani anaigusa, na inaondoka vipi.

Stoo ya taka

Ingia stooni bila kutoa taarifa. Sakafu iwe ya saruji isiyo na nyufa. Mapipa ya oili yazungukwe na ukuta mfupi wa saruji, ili moja likipasuka oili ibaki humo. Paa lisivuje, kwa sababu mvua ikiingia kwenye pipa lililo wazi hufurisha oili nje. Mlango uwe na kufuli, na ufunguo uwe na mtu anayejulikana.

Soma lebo. Chombo cha taka hatari kinatakiwa kionyeshe ni taka gani, jina na anwani ya aliyeizalisha, kiasi kilichomo na onyo la hatari. Pipa lililoandikwa "oili" kwa chaki halitoshi, na pipa lisilo na maandishi ni hatari zaidi, kwa sababu mtu atalitumia kwa kitu kingine. Chupa ya soda iliyotiwa asidi ya betri ikaachwa kwenye rafu inaweza kumuua mtoto au mfanyakazi mwenye kiu. Ukiiona hata moja, iondoe hapohapo, usingoje ripoti.

Betri ziwe zimesimama wima, juu ya ubao au trei isiyoliwa na asidi, mbali na vyuma vinavyoweza kugusanisha ncha zake. Karibu nazo pawe na maji safi ya kutosha ya kuoshea macho na ngozi. Kwa ajili ya oili pawe na mchanga au unga wa mbao wa kunyonyea mwagiko, pamoja na koleo. Uliza mfanyakazi yeyote aliye karibu: oili ikimwagika sasa hivi, utafanya nini? Akishika koleo, mafunzo yamefanya kazi. Akishika mpira wa maji, mafunzo hayajafika.

Hesabu haidanganyi

Hapa ndipo ukaguzi wa dhati unapojitenga na ule wa kutembea tu. Linganisha kilichoingia na kilichotoka.

Chukua mfano. Gereji inabadilisha oili ya magari 10 kwa siku, kila gari likitoa takriban lita 4. Hizo ni lita 40 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni lita 1,040 kwa mwezi, yaani mapipa 5 ya lita 200 na kidogo juu. Sasa fungua faili. Hati za msafirishaji mwenye leseni zinaonyesha mapipa 2 tu, yaani lita 400. Lita 640 ziko wapi?

Pengine ziko stooni, hesabu mapipa. Pengine ziliingia mtaroni. Pengine kuna kijana anayepita jioni na jerikeni, anainunua kwa bei ndogo, na fedha haziingii ofisini. Oili chafu ina soko: wapo wanaopaka nguzo za ua ili zisiliwe na mchwa, na wapo wanaoichoma kwenye matanuri. Oili hiyo imebeba mabaki ya metali na kemikali kutoka kwenye injini, na popote inapomwagwa au kuchomwa pasipo utaratibu, udongo, maji na mapafu ya watu hulipa. Mbele ya sheria, iliyouzwa kwa jerikeni bado ni taka yako iliyoondoka bila hati.

Hesabu ya namna hii inawezekana kwa karibu kila kitu. Betri mpya zilizouzwa dhidi ya chakavu zilizorudi. Matairi yaliyofungwa dhidi ya yaliyochukuliwa. Kilo za nyama na mboga zilizoingia jikoni dhidi ya ndoo za mabaki. Usitegemee zilingane hadi nukta ya mwisho. Tofauti ndogo ina maelezo. Tofauti kubwa isiyo na maelezo ndiyo kasoro yenyewe.

Vuka lango

Wajibu wako hauishii lori linapotoka. Ukimpa taka mtu asiye na leseni, au mwenye leseni anayezimwaga korongoni usiku, jina litakalopatikana kwenye makaratasi na makasha ni lako.

Kwa hiyo fanya mambo matatu. Kwanza, linganisha namba ya gari linalokuja kuchukua taka na namba iliyo kwenye leseni. Kampuni inaweza kuwa na leseni na bado ikatuma gari lisilomo. Angalia pia leseni hiyo inaruhusu aina gani ya taka; anayeruhusiwa kubeba taka za kawaida hana ruhusa ya kubeba betri. Pili, kila mzigo wa taka hatari uwe na hati ya ufuatiliaji, na nakala irudi kwako ikiwa na sahihi ya mahali ulipopokelewa. Hati zenye sahihi yako na ya dereva pekee ni nusu ya safari. Tatu, walau mara moja kwa mwaka nenda ukaone mahali penyewe. Omba kuonyeshwa tanuri, mizani, stoo ya kupokelea na leseni yao. Mshirika mwaminifu hatakataa. Anayekwepa amekujibu.

Yaliyotokea Owino Uhuru, kitongoji cha Mombasa, yanaonyesha mwisho wa safari ya betri chakavu unaweza kuwa wapi. Kiwanda kilichokuwa kikiyeyusha betri kupata madini ya risasi kilianza kazi mwaka 2007 jirani na nyumba za watu, na risasi ikaingia kwenye hewa, maji na damu za wakazi, watoto wakiwamo. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho na ambaye mtoto wake alikutwa na risasi mwilini, aliongoza mapambano yaliyochangia kiwanda kufungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na ikaugawa mzigo huo kati ya wahusika wa kiwanda na taasisi za serikali, NEMA yenyewe ikiwamo. Mahakama ya Rufani iliutengua uamuzi huo kwa sehemu, lakini Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurejesha. Kila betri iliyoyeyushwa pale ilitoka kwenye gari la mtu, ikapitia gereji au duka la mtu. Unapouliza betri zako zinakwenda wapi, unauliza kuhusu watoto wa jirani wa mtu mwingine.

Sikiliza wanaogusa taka

Wafagiaji, wasaidizi wa fundi, walinzi wa usiku na waosha vyombo wanajua mambo ambayo hayamo kwenye daftari lolote. Mlinzi ndiye anayejua ni gari gani huja saa 4 usiku. Mfagiaji ndiye anayejua pipa lipi huvuja.

Zungumza nao mmoja mmoja, mbali na msimamizi wao, na uwaeleze mapema kwamba hakuna atakayeadhibiwa kwa kusema kweli. Uliza maswali ya wazi: taka hizi huwa unazipeleka wapi? Glavu ulizonazo ulipewa lini? Siku lori lisipokuja huwa mnafanyaje? Swali hilo la mwisho hufichua mengi, kwa sababu utaratibu wa kawaida huwa mzuri kwenye karatasi na huvunjika siku jambo moja linapokwama. Ukisikia kwamba lori lisipokuja taka huchomwa nyuma ya ukuta, umepata kasoro ambayo usingeiona kwa macho siku ya ukaguzi.

Ikiwa biashara yako si gereji

Hoteli na mikahawa: tazama mafuta ya kukaangia, mtego wa mafuta chini ya sinki, na kama mabaki ya chakula yanachanganywa na plastiki. Wanaonunua mabaki kwa ajili ya mifugo au mboji wawe na makubaliano ya maandishi nawe.

Zahanati na maabara: sindano ziingie kwenye kisanduku kigumu mara tu zinapotumika, bila kurudishiwa kifuniko. Kagua rangi za mifuko, muda taka zinaokaa, na kumbukumbu za tanuri la kuteketezea au cheti cha uteketezaji kutoka kwa anayekufanyia kazi hiyo. Dawa zilizokwisha muda zisimwagwe kwenye sinki.

Ofisi na maduka ya kompyuta: vifaa vya umeme vilivyokufa visikae stoo miaka na miaka wala visiuzwe kwa wachoma nyaya. Futa taarifa zilizomo kwanza, kwa sababu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuwajibisha kwa taarifa za wateja hata kompyuta ikiwa mbovu.

Maduka na masoko: mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 28 Agosti 2017. Kagua mzigo unaoingia kutoka kwa wasambazaji wako. Mifuko ikikutwa dukani mwako, wa kwanza kuulizwa ni wewe.

Andika, gawa kazi, funga hoja

Ripoti ya ukaguzi wa ndani isizidi kurasa chache. Kila kasoro iwe na mambo 6: umeona nini, wapi, sheria au sharti gani limeguswa, uzito wake, nani ataishughulikia na lini itakwisha. Piga picha yenye tarehe. Andika ulichokiona, uache hukumu. "Pipa 1 la lita 200, bila lebo, linavuja kwenye kona ya kaskazini ya stoo" ni bora kuliko "stoo ni chafu".

Panga kasoro kwa madaraja matatu. La kwanza ni lile linaloweza kumdhuru mtu au kuingia kwenye maji leo: hilo lishughulikiwe siku hiyohiyo. La pili ni uvunjaji wa sheria usio na hatari ya papo hapo, kama leseni iliyokwisha au hati zisizo na sahihi: lipe wiki 2. La tatu ni uboreshaji, kama kununua mapipa bora au kusogeza stoo: liingize kwenye bajeti.

Mwisho wa kila kasoro uwe ni kuiona imekwisha. Neno "tumeshughulikia" kwenye barua pepe halitoshi. Rudi mahali pale, piga picha ya pili, uiweke kando ya ile ya kwanza, kisha ufunge hoja. Kasoro ileile ikijitokeza mara 3 mfululizo, usiendelee kumlaumu mfanyakazi, tafuta chanzo. Huenda pipa liko mbali mno na mahali pa kazi, huenda msafirishaji haji kwa wakati, huenda hakuna aliyepewa jukumu hilo kwa jina.

Ukikuta kosa kubwa

Ukigundua kwamba oili imekuwa ikiingia mtoni, au kwamba taka zako zimetupwa mahali pasiporuhusiwa, kishawishi cha kwanza kitakuwa kunyamaza. Mficha maradhi, kilio humfichua. Zuia kwanza: simamisha shughuli hiyo, ziba njia, toa unachoweza kukitoa. Hifadhi ushahidi, usichane karatasi wala kufuta picha. Tafuta mwanasheria na mtaalamu wa mazingira aliyesajiliwa, kisha toa taarifa kwa mamlaka ukiwa na mpango wa usafishaji mkononi. NEMA ina uwezo wa kutoa amri ya kurejesha mazingira katika hali yake kwa gharama yako. Afadhali uwe umekwisha anza kabla amri haijafika.

Ratiba, na siku mgeni akija

Kwa biashara ndogo au ya kati, ratiba hii inatosha: kila wiki mzunguko mfupi wa stoo na mitaro, kila mwezi hesabu ya kilichoingia na kilichotoka, kila robo mwaka ukaguzi kamili kama ulivyoelezwa hapa, kila mwaka ziara kwa mpokeaji wa taka na ripoti rasmi. Fanya ukaguzi mmoja siku ya mvua kubwa. Mvua huonyesha njia za maji ambazo kiangazi huzificha.

Wakaguzi wa mazingira wana mamlaka ya kuingia mahali pa biashara kwa saa zinazofaa bila hati ya mahakama, kukagua kumbukumbu na kuchukua sampuli. Wakija, omba kitambulisho, mteue mtu mmoja wa kuwasindikiza, wape faili, jibu unachokijua na uandike kila wanachokiona. Wakichukua sampuli ya maji, omba maelezo ya mahali na saa ilipochukuliwa. Usitoe kitu kidogo. Rushwa ni kosa jingine juu ya lile la kwanza, na haiondoi tone moja la oili mtaroni.

Gharama ya yote haya ni ndogo: saa chache za watu wawili watatu, daftari, rangi ya lebo, magunia ya mchanga na nauli ya kufuata lori. Anza wiki hii. Chagua taka moja, ile unayoihofia zaidi, uifuate kutoka inapozaliwa hadi mahali pa mwisho, na usisimame mpaka umeona kwa macho yako. Ukishindwa kufika mwisho wa safari yake, hapo ndipo biashara yako inapoweza kuwa inavunja sheria, na hapo ndipo pa kuanzia kurekebisha.